Safari za kulipia kwenda anga za juu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila roketi inaporuka na watu wasio wanaanga wa serikali, maswali yaleyale hurudi: bei ni kiasi gani, hatari ni kubwa kiasi gani, nani anaruhusiwa, na je, huko wanakofika ni angani kweli? Majibu yaliyo hapa ni kwa yeyote anayelifuatilia jambo hili kwa dhati, awe na pesa ya tiketi au asiwe nayo. Unaweza kuanzia swali lolote. Lakini kama unafikiria kulipa amana, soma kwanza sehemu za ajali na sheria.

Utalii wa anga za juu ni nini hasa?

Ni kupanda chombo kinachovuka angahewa kwa sababu umelipa au umelipiwa, si kwa sababu serikali imekuajiri. Chini ya jina hilo moja kuna safari mbili zisizofanana, na mkanganyiko mwingi unaosikika kuhusu bei na usalama unatokana na kuzichanganya.

Ya kwanza ni ya kupanda na kushuka. Chombo kinarushwa hadi kilomita 80 au zaidi kidogo ya 100, kinaishiwa kasi, kisha kinaanguka kurudi Duniani. Abiria huelea kwa dakika tatu au nne tu.

Ya pili ni ya kuingia kwenye mzingo wa Dunia. Hapa kazi kubwa si kimo, ni kasi. Ili kizunguke bila kuanguka, chombo lazima kiende karibu kilomita 28,000 kwa saa, ilhali kile cha kupanda na kushuka hakifiki hata 4,000. Ukizidisha kasi mara saba, nishati inayohitajika huzidi mara hamsini hivi, na nishati yote hiyo lazima iondolewe tena wakati wa kurudi, kwa njia ya joto kali linaloipiga ngao ya chombo. Ndiyo maana safari ya kwanza huuzwa kwa malaki ya dola na ya pili kwa makumi ya mamilioni.

Mbio hizi zilianza lini, na nani anaongoza?

Desemba 1990, Toyohiro Akiyama, mwandishi wa habari wa Japani, alikwenda kwenye Mir, kituo cha anga za juu cha Wasovieti, akiwa amelipiwa na kampuni ya televisheni aliyoifanyia kazi. Wa kwanza kulipa kutoka mfukoni mwake ni Dennis Tito, Mmarekani aliyepanda Soyuz, chombo cha Urusi, Aprili 28, 2001 kwa takriban dola milioni 20. NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ilimpinga waziwazi. Warusi walikuwa na uhaba wa fedha na kiti kilikuwepo, wakampeleka. Alikaa angani karibu siku nane, nyingi kati ya hizo akiwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Mwaka uliofuata alikwenda Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, akiwa na miaka 28, raia wa kwanza wa nchi huru ya Afrika kufika huko. Mwaka 2006 akafuata Anousheh Ansari, mzaliwa wa Iran, mwanamke wa kwanza kujilipia.

Hadi mwisho wa 2009 watu saba walikuwa wamesafiri kwa utaratibu huo, mmoja wao, Charles Simonyi, mara mbili. Kisha mlango ukafungwa. Marekani ilistaafisha vyombo vyake vya Space Shuttle mwaka 2011, na kwa miaka kadhaa kila kiti cha Soyuz kilihitajiwa na wanaanga wa serikali. Watalii walirudi kwenye Soyuz Desemba 2021, alipokwenda tajiri wa Japani Yusaku Maezawa.

Upande wa pili wa mbio ulizaliwa na zawadi. Mwaka 1996 ilitangazwa X Prize: dola milioni 10 kwa kundi binafsi litakalofika kilomita 100 mara mbili ndani ya wiki mbili, kwa chombo kilekile chenye uwezo wa kubeba watu watatu. SpaceShipOne, iliyobuniwa na mhandisi Burt Rutan kwa fedha za tajiri Paul Allen, iliichukua zawadi hiyo Oktoba 4, 2004 huko Mojave, California. Tajiri wa Uingereza Richard Branson akanunua haki za teknolojia hiyo, akaanzisha Virgin Galactic, akatarajia kurusha abiria kuanzia 2007. Yeye mwenyewe aliruka Julai 11, 2021. Siku tisa baadaye, Julai 20, Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, akaruka kwa chombo chake, New Shepard cha kampuni ya Blue Origin.

Magazeti yaliliandika lile la Julai kama shindano la matajiri wawili. Kwa maoni yangu, tukio zito zaidi la mwaka ule lilikuja Septemba 15, kampuni ya SpaceX ilipopeleka watu wanne mzingoni kwa siku tatu, hakuna hata mmoja aliyekuwa mwanaanga wa serikali. Safari hiyo, Inspiration4, ilifika kimo cha kilomita 585 hivi, juu zaidi ya Kituo cha Kimataifa. Tangu siku hiyo ilionekana wazi kwamba mzingo nao unafikika kwa kampuni binafsi na abiria binafsi, na hapo ndipo SpaceX ilipo hadi leo: mbele ya wengine wote.

Anga za juu zinaanzia wapi?

Hakuna ukuta. Shirikisho la kimataifa la michezo ya anga hutumia kilomita 100, kimo kiitwacho mstari wa Kármán. Mamlaka za Marekani hutumia maili 50, yaani kilomita 80. New Shepard ilivuka mipaka yote miwili. Chombo cha Virgin Galactic kilivuka ule wa pili tu, kwa kufika kilomita 85 hadi 88. Anga huonekana nyeusi katika vimo vyote viwili, na mwili huelea vilevile.

Safari fupi inakuwaje, hatua kwa hatua?

Tuchukue New Shepard kama ilivyoruka kabla ya kusimamishwa Januari 2026. Haina rubani. Kompyuta ndiyo inayoiendesha. Abiria sita wanapanda ngazi za mnara, wanaingia kwenye kapsuli iliyo kwenye kilele cha roketi, kila mmoja anafungwa mkanda kwenye kiti kilicholala chali kando ya dirisha lake. Madirisha hayo ni makubwa, yana urefu wa karibu mita moja. Injini inawaka, na kwa dakika mbili na ushei uzito wa mwili unaongezeka mara tatu hivi: mkono uliouinua unarudi wenyewe kwenye paja, mashavu yanavutwa nyuma.

Injini inazima ghafla. Mlio unakatika, kapsuli inaachana na roketi, na kwa mara ya kwanza hakuna kinachoukandamiza mwili kwenye kiti. Taa ya ruhusa ikiwaka, abiria wanafungua mikanda. Hapo ndipo wengi hupoteza muda: wanapinduka, wanacheka, wanarekodi video, na dakika tatu zinakwisha kabla hawajatulia dirishani. Ushauri unaotolewa na karibu kila aliyewahi kwenda ni huu: achana na kamera, nenda kwenye kioo. Utaona ukingo wa Dunia umepinda na angahewa ikiwa utepe mwembamba wa buluu juu yake.

Kisha sauti inawaita viti vyao. Kapsuli inaingia kwenye hewa nzito na uzito unarudi kwa nguvu zaidi ya wakati wa kupanda, hadi mara tano au zaidi ya kawaida kwa sekunde chache. Parachuti ndogo zinafunguka, halafu tatu kubwa. Karibu kabisa na ardhi, mtambo ulio chini ya kapsuli unapuliza gesi ili kupunguza kishindo, na vumbi la jangwa la Texas Magharibi linatimka. Roketi yenyewe inakuwa imeshatua wima mahali pengine. Kuanzia kuwaka hadi kutua ni dakika kumi au kumi na moja.

Virgin Galactic ilifanya kwa njia nyingine hadi Juni 2024. Ndege kubwa mama ilikibeba chombo kutoka uwanja wa Spaceport America, New Mexico, hadi kimo cha karibu kilomita 13, kisha ikakiachia. Marubani wawili waliwasha injini ya roketi kwa takriban dakika moja, na baada ya kuelea chombo kilirudi kwa kunyiririka hewani bila injini hadi kwenye njia ya kutua. Shughuli nzima ilichukua zaidi ya saa moja.

Na maisha ya mzingoni?

Hapo unaishi kweli. Dunia inazungukwa kila baada ya dakika 90, jua linachomoza mara 16 kwa siku. Damu na maji ya mwili hupanda kuelekea kichwani, uso unavimba, pua inaziba, mgongo unarefuka kidogo. Kulala ni kujifunga kwenye mfuko ili usielee.

Choo ni suala la uhandisi kama injini. Hutegemea feni inayovuta uchafu, kwa kuwa hakuna kinachoanguka chini. Katika Inspiration4 bomba la mkojo lilichomoka ndani ya mfumo, mkojo ukasambaa chini ya sakafu ya chombo, na kengele ya tahadhari ikalia. Wasafiri walirudi salama, SpaceX ikabadilisha muundo. Nalitaja kwa sababu picha za matangazo huonyesha dirisha tu, na anayelipa mamilioni anastahili kujua kwamba atakaa siku kadhaa na watu wengine watatu ndani ya chumba kidogo ambacho choo chake kiko umbali wa mkono kutoka kwenye chakula.

Bei ni kiasi gani?

Virgin Galactic ilianza kuuza kwa dola 200,000, ikapandisha hadi 250,000, kisha 450,000 mwaka 2021, na baadaye karibu 600,000. Blue Origin haikutangaza bei. Kiti cha safari yake ya kwanza kilinadiwa kwa dola milioni 28, lakini mnada ule haukuwa kipimo cha bei ya kawaida. Mshindi aliahirisha safari, na nafasi yake ikachukuliwa na Oliver Daemen, kijana wa Uholanzi wa miaka 18.

Kwa mzingoni, kila mmoja wa abiria watatu wa kulipia wa kampuni ya Axiom Space walioenda kwenye Kituo cha Kimataifa Aprili 2022 alitajwa kulipa karibu dola milioni 55. Waliolipa safari hiyo walipanga kukaa siku kumi, hali mbaya ya hewa sehemu ya kutua ikawachelewesha, wakarudi baada ya siku 17.

Wengi huuliza kama bei itashuka kama ilivyoshuka ya ndege. Roketi zinazotumika tena zimepunguza gharama ya kupeleka mizigo, hilo halina ubishi. Kwa abiria haijatokea. Tito alilipa milioni 20 mwaka 2001. Miaka ishirini baadaye kiti kiligharimu zaidi ya mara mbili, na ile tiketi ya safari fupi imepanda mara tatu. Sijaona sababu ya kumwambia mtu asubiri bei ya chini ndani ya miaka michache ijayo.

Nikilipa leo, nitaruka lini?

Hili ndilo swali ambalo wauzaji wamelijibu vibaya zaidi kwa miaka ishirini, kwa hiyo nitalikalia kidogo.

Waliolipa Virgin Galactic mwaka 2005 wakitarajia kuruka 2007 walisubiri hadi Agosti 10, 2023 kuona chombo kikipeleka abiria wa kwanza wa aina yao. Mmoja wa waliokuwemo siku hiyo, Jon Goodwin, alinunua tiketi mwaka 2005. Aliruka akiwa na miaka 80 na ugonjwa wa Parkinson uliompata wakati akisubiri. Chombo hicho, Unity, kilifanya safari yake ya mwisho Juni 2024, na kampuni ikasimamisha kurusha abiria ili ijenge vyombo vipya. Mamia ya wateja walikuwa bado foleni.

Blue Origin ilirusha makumi ya abiria kati ya 2021 na mwanzo wa 2026, kisha mwishoni mwa Januari 2026 ikatangaza kusimamisha New Shepard kwa muda usiopungua miaka miwili ili ielekeze nguvu kwenye kazi ya Mwezi. Kwa maneno mengine, kampuni zote mbili zilizoanza na kishindo Julai 2021 zimepitia kipindi cha kutorusha mtu.

Na kuna waliofilisika. XCOR, iliyokuwa ikijenga ndege ndogo ya roketi iitwayo Lynx, iliuza mamia ya tiketi na kufa mwaka 2017 bila chombo hicho kuruka hata mara moja. Wateja waliokuwa wamelipa walijikuta kwenye orodha ya wadai. Kabla ya kutia saini, uliza mambo haya kwa maandishi: amana inakaa wapi, je, imetengwa au inatumika kujengea chombo, inarudishwa katika mazingira gani, na chombo chenyewe kimeruka mara ngapi kikiwa na watu. Kampuni isiyojibu la mwisho kwa tarakimu haina chombo.

Makampuni ya China nayo yameanza kutangaza tiketi za safari fupi, na maswali hayohayo yanafaa kwao.

Ni salama?

Hadi sasa hakuna abiria wa kulipia aliyefariki katika safari ya kwenda angani. Usiitegemee sentensi hiyo peke yake, maana idadi ya safari bado ni ndogo mno kuweza kukadiria hatari. Space Shuttle, chombo cha taifa tajiri chenye wahandisi maelfu, iliruka mara 135 na kupotea mara mbili: Challenger mwaka 1986 na Columbia mwaka 2003, watu saba kila moja. Ndani ya Challenger alikuwemo Christa McAuliffe, mwalimu wa shule, raia wa kawaida aliyechaguliwa ili kuonyesha kwamba safari hizi sasa zinamfaa kila mtu. Mpango wa kupeleka raia ulisimama pale.

Biashara binafsi nayo imelipa. Julai 2007, mlipuko wakati wa jaribio la mtambo wa oksidi ya nitrasi huko Mojave uliua wafanyakazi watatu wa Scaled Composites, kampuni iliyokuwa ikimjengea Branson chombo.

Halafu ikaja Oktoba 31, 2014. Chombo cha Virgin kina mikia inayoweza kuinuliwa juu ili, wakati wa kurudi, chombo kishuke kimetulia kikizuiwa na hewa. Mikia hiyo ina kufuli, na kufuli inatakiwa ifunguliwe tu baada ya kasi kufika mara 1.4 ya mwendo wa sauti. Siku ile rubani msaidizi, Michael Alsbury, aliifungua mapema, kwenye takriban mara 0.8. Kufuli pekee ilipotoka, nguvu ya hewa ilitosha kuisukuma mikia ikainuka yenyewe, na chombo kikasambaratika ndani ya sekunde chache. Alsbury alifariki. Rubani mwenzake, Peter Siebold, alirushwa nje kwenye kimo cha kilomita 15 hivi, parachuti yake ikajifungua, akapona.

Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani haikuishia kumlaumu rubani. Ilisema waliobuni chombo hawakuzingatia kwamba kosa moja la mtu mmoja lingeweza kukiangamiza, na hawakuweka kizuizi dhidi yake. Naona hilo ndilo fundisho lenye thamani kuliko tangazo lolote la usalama: chombo kizuri ni kile kinachomvumilia binadamu anapokosea. Vyombo vilivyofuata viliwekewa kizuizi kinachozuia kufuli kufunguliwa kabla ya wakati.

Linganisha na Septemba 12, 2022. Roketi ya New Shepard iliharibika bomba la injini dakika moja hivi baada ya kuruka. Kompyuta ilihisi, injini ya kuokolea iliyomo kwenye kapsuli ikawaka papo hapo na kuitenga na roketi, parachuti zikafunguka, kapsuli ikatua nzima. Ilikuwa imebeba vifaa vya utafiti tu, hakukuwa na mtu. Mfumo wa kuokoa ulifanya kazi yake, na hata hivyo kampuni ilikaa zaidi ya mwaka mmoja bila kuruka. Ukitaka kulinganisha vyombo, anzia hapo: je, kuna njia ya kumtoa abiria kila hatua ya safari, na je, imewahi kutumika?

Sheria inanilinda vipi?

Kidogo sana, na wengi hushtuka wakilisikia hili. Kwa sheria ya Marekani ya 2004, mamlaka ya usafiri wa anga hutoa kibali cha kuruka kwa kuangalia usalama wa walio chini: watu, nyumba, ndege nyingine. Haikikagui chombo kwa niaba yako kama inavyokagua ndege ya abiria. Bunge liliizuia kuweka kanuni za usalama wa abiria kwa kipindi walichokiita cha kujifunza, ili biashara changa isibanwe, na kipindi hicho kimeongezwa tena na tena. Sasa kinafika Januari 1, 2028.

Badala ya ukaguzi kuna kuridhia. Kampuni inalazimika kukueleza kwa maandishi hatari zinazojulikana, kwamba zipo zisizojulikana, historia ya ajali, na kwamba serikali ya Marekani haijathibitisha kuwa chombo ni salama kubeba binadamu. Unatia saini, na unaachilia haki ya kudai. Majimbo kama Texas, New Mexico na Florida yana sheria zao zinazowakinga waendeshaji. Bima ya maisha ya kawaida mara nyingi haihusishi safari ya namna hii. Muulize mwenye bima yako kabla, si familia yako iulize baadaye.

Msimamo wangu ni kwamba kipindi hicho cha kujifunza kimerefushwa kupita kiasi. Mtu anayeridhia hatari anapaswa kuwa na kitu cha kupimia, na saini kwenye fomu haimpi kipimo.

Kimataifa, Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unaifanya kila nchi iwajibike kwa shughuli za kampuni zake huko juu. Lakini huo ni uwajibikaji baina ya nchi na nchi. Abiria hawezi kuupeleka mahakamani.

Vigezo vya afya, umri na mwili ni vipi?

Kwa safari fupi ni vyepesi kuliko watu wanavyodhani. Blue Origin ilitaka abiria awe na miaka 18 au zaidi, uzito kati ya kilo 50 na 101 hivi, aweze kupanda ghorofa saba za mnara ndani ya dakika moja na nusu, na kujifunga na kujifungua mkanda mwenyewe. Wally Funk, rubani aliyefaulu majaribio ya afya ya wanaanga miaka ya 1960 na kunyimwa nafasi kwa sababu ni mwanamke, aliruka na Bezos akiwa na miaka 82. Mwigizaji William Shatner na rubani Ed Dwight waliruka wakiwa na 90. Desemba 2025 aliruka Michaela Benthaus, mhandisi Mjerumani anayetumia kiti cha magurudumu, wa kwanza wa hali yake kuvuka mpaka wa anga.

Mzingoni masharti ni makali. Daisuke Enomoto wa Japani alikuwa amejiandaa kwa muda mrefu mwaka 2006, madaktari wakamzuia wiki chache kabla ya kuruka, na kiti kikaenda kwa Ansari aliyekuwa mwanaanga wa akiba. Upande mwingine, Hayley Arceneaux alikwenda na Inspiration4 akiwa na chuma mguuni badala ya mfupa ulioondolewa kwa saratani ya utotoni. Kwa masharti ya zamani ya wanaanga asingepita mlangoni.

Mafunzo huchukua muda gani?

Siku mbili hadi tano kwa safari fupi. Miezi kadhaa kwa mzingo: kuishi ndani ya kapsuli ya mazoezi, mashine ya kuzungusha mwili, dharura za moto na hewa kuvuja. Wanaokwenda Kituo cha Kimataifa kwa chombo binafsi cha Marekani lazima waongozwe na mwanaanga mzoefu. Kanuni hiyo iliwekwa na NASA na ina maana.

Nitatapika?

Mzingoni, huenda. Zaidi ya nusu ya wanaanga huugua kichefuchefu siku mbili tatu za mwanzo, na uzoefu wa urubani hausaidii kutabiri nani ataugua. Katika safari ya dakika kumi si kawaida.

Ni ya matajiri tu?

Kwa kulipa, ndiyo. Kwa kwenda, si lazima. Ile safari ya Virgin ya Agosti 2023 ilimbeba Keisha Schahaff wa Antigua na binti yake Anastatia Mayers, mama na binti wa kwanza kwenda pamoja, kwa viti walivyopata kupitia bahati nasibu ya kuchangia hisani. Sian Proctor, mwalimu wa jiolojia, alishinda kiti chake cha Inspiration4 katika shindano, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuendesha chombo cha anga. Sara Sabry, mhandisi wa Misri, aliruka na New Shepard Agosti 2022 kwa udhamini wa shirika la kiraia, Mmisri wa kwanza angani.

Nchi nazo zinanunua. Saudi Arabia, Uturuki, India, Poland na Hungaria zimepeleka watu wao kupitia Axiom kama njia ya haraka kuliko kujenga mpango wao wenyewe. Hao si watalii, wana kazi za utafiti mikononi, lakini wanakalia viti vya soko hilohilo, na nadhani wateja wa aina hii wataibeba biashara hii kwa muda mrefu kuliko mabilionea.

Nikirudi nitaitwa mwanaanga?

Marafiki watakuita. Serikali ya Marekani iliacha kutoa beji za wanaanga wa kibiashara mwishoni mwa 2021.

Mazingira yanaathirika kiasi gani?

Inategemea kinachochomwa. New Shepard huchoma hidrojeni na oksijeni, moshi wake ni mvuke wa maji, ingawa hidrojeni nyingi duniani hutengenezwa kwa gesi asilia na hilo huacha kaboni. Falcon 9, roketi ya SpaceX, huchoma aina ya mafuta ya taa, na chombo cha Virgin kilichoma mpira maalumu pamoja na oksidi ya nitrasi. Zote mbili hutoa masizi. Shida ya masizi ya roketi ni mahali yanapoachwa. Yale ya chini huoshwa na mvua ndani ya siku au wiki, ila yakiingia stratosfia, tabaka la juu la angahewa lisilo na mvua, hukaa miaka yakifyonza joto la jua.

Kwa idadi ya leo, watalii ni sehemu ndogo ya roketi zinazorushwa. Nyingi hubeba satelaiti. Hesabu itabadilika ikiwa ndoto ya safari za kila siku itatimia, na utafiti wa athari zake ulipaswa kutangulia ndoto hiyo.

Vipi kuhusu hoteli za angani na safari za kuzunguka Mwezi?

Kituo cha Kimataifa kimepangwa kustaafu karibu 2030, na kampuni kama Axiom na Vast zinajenga vituo binafsi vya kukirithi. Historia inataka tahadhari: Bigelow Aerospace ilirusha vyumba viwili vya majaribio vya kujaza hewa mwaka 2006 na 2007, chumba chake cha tatu kikaunganishwa na Kituo cha Kimataifa mwaka 2016, na bado Machi 2020 iliwaachisha kazi wafanyakazi wake wote.

Safari ya Mwezi aliyoitangaza Maezawa mwaka 2018, ya kuwachukua wasanii kwa roketi ya Starship, ilifutwa Juni 2024 kwa sababu roketi haikuwa tayari. Hakuna mtalii aliyewahi kufika karibu na Mwezi.

Puto zinazotangazwa kupanda hadi ukingoni mwa anga nazo ni safari za anga za juu?

Hapana. Hulenga kilomita 30 hivi. Utaona anga nyeusi na Dunia iliyopinda, lakini hutaelea hata sekunde moja.

Naweza kuonja hali ya kuelea bila roketi?

Ndiyo, na kwa wengi hili ndilo jibu la maana zaidi. Kuna ndege za abiria zilizoondolewa viti na kuwekewa matandiko pande zote, ambazo hupanda kwa mwinamo mkali kisha kujiachia katika mkunjo. Kwa sekunde 20 hivi kila kilichomo ndani huelea, halafu uzito unarudi karibu mara mbili ya kawaida, na mzunguko unarudiwa mara kadhaa. Bei yake ni maelfu ya dola, si malaki. Wanasayansi huzitumia kwa majaribio, wanaanga kwa mazoezi, na mwanafizikia Stephen Hawking, aliyekuwa amepooza karibu mwili mzima, alielea ndani ya mojawapo mwaka 2007. Ukijumlisha sekunde za mikunjo kumi na tano, unapata dakika tano za kuelea, zaidi ya zile ambazo abiria wa New Shepard walipata. Wanaotaka kujua kama miili yao inaivumilia hali hiyo waanzie huko, kisha ndiyo wafikirie amana.